Piza “isiyo na ngano”: Uliza pia kisu kilichoikata

 

Wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Likizo iliyopita kaka yangu, anayeishi Uingereza na familia yake, alikuja na watoto wake hapa Dar es Salaam. Binti yake wa miaka tisa ana maradhi yaitwayo siliaki. Kwa maneno mepesi, mwili wake haupatani kabisa na ngano, wala shayiri, wala nafaka iitwayo rai ambayo hulimwa zaidi Ulaya. Jioni moja nikawatoa watoto tukale piza katika mgahawa ambao orodha yake ya vyakula ilisema wanayo piza isiyo na gluteni.

Kama Muislamu yeyote anayejali anachokula, nilianza na maswali yangu. Je, nyama ya nguruwe inaingia jikoni humu? Kuku mnanunua wapi? Nani anachinja? Mhudumu alinijibu vizuri, tena akamwita mpishi, nikaridhika. Kisha nikauliza kuhusu piza ya binti: “Hii haina ngano?” Akasema, “Haina kabisa, bosi, usijali.” Nikanyamaza. Binti akanivuta mkono na kuninong’oneza: “Baba mdogo, hujauliza kisu.” Nikamjibu, “Mwanangu, amesema haina. Tusimsumbue mtu.”

Alikula kwa adabu tu, kwa sababu baba yake mdogo, tena ni tabibu, amesema kula. Saa tano usiku akaanza kutapika. Tumbo lilimkata mpaka alfajiri, na siku mbili zilizofuata alikuwa mtu wa kitandani na chooni. Baadaye nilirudi pale mgahawani nikauliza kwa upole. Unga ulikuwa wa mchele kweli. Lakini ulikandwa juu ya meza ileile ya ngano, piza ikaokwa kwenye sinia lilelile, na ikakatwa kwa kisu kilekile. Mhudumu hakusema uongo kwa alichokijua. Mimi ndiye niliyeuliza nusu ya swali.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili: kwa ajili ya dini yangu niliuliza mpaka jikoni, na nilifanya vyema. Lakini kwa mwili wa mtoto niliyekabidhiwa kama amana, niliuliza neno moja nikatosheka. Mama yake, shemeji yangu, huko Uingereza huuliza yote mawili kwa pumzi moja: nguruwe haikukatwa kwa kisu hiki, na ngano je? Rai yangu leo ni kwamba sisi Waislamu tumefundishwa tangu utotoni kuuliza kuhusu chombo, mafuta na kisu. Elimu hiyo tunayo. Tuitumie na kwa wagonjwa wetu, bila haya.

SILIAKI NI MARADHI GANI?

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Mpishi wa chapati anaijua kwa mikono yake hata kama hajui jina lake: ndiyo inayofanya donge livutike na kunyooka bila kukatika. Unga wa muhogo, mahindi, mtama, ulezi au mchele hauna mvuto huo, kwa sababu gluteni hiyo haimo.

Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili huiona kuwa ni adui. Katika kupambana nayo huushambulia utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo una vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo hulika mpaka ukuta ukawa bapa. Mgonjwa anakula, lakini chakula kinapita bila kumfaa. Ndipo unapoona kuhara kwa muda mrefu, tumbo kujaa, kukonda, mtoto kudumaa, mifupa kuwa dhaifu, au upungufu wa damu usiosikia vidonge vya kuongeza damu. Wengine hawaharishi kabisa, wanachoka tu na kupungukiwa damu mwaka hadi mwaka.

Mtu huzaliwa na maumbile ya kurithi yanayomweka katika hatari hiyo, na maradhi yanaweza kujitokeza utotoni au ukubwani. Hayaambukizi. Hayana kidonge cha kuyaponya. Tiba yake ni moja: kuacha gluteni yote, maisha yote. Jambo hili lilithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa amekwisha kushuku ngano kabla, na katika njaa kubwa iliyoipiga nchi yake majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye siliaki hali zao zikawa nzuri. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi.

Wako watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Nawaambia hapana. Inakadiriwa kuwa duniani takriban mtu 1 katika kila 100 anayo. Na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wapatao 1,000 wa ndugu zetu Waislamu wa Sahara Magharibi, wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi kule Algeria, ukakuta asilimia 5.6 yao wana siliaki. Ni kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Watu hao wa jangwani, ambao zamani walitegemea zaidi maziwa na nyama ya ngamia, walikuwa sasa wanaishi kwa unga wa ngano wa msaada. Kwetu sisi, zahanati nyingi hazina kipimo chake. Kisichopimwa hakionekani, na mtoto anaishia kupewa dawa za minyoo mara tatu, kisha familia inaanza kumtafuta mwenye jicho la husuda.

“KIPANDE KIDOGO TU HAKITAMDHURU”

Maneno haya nimeyasikia kwa mashangazi, kwa mabibi, na usiku ule niliyasikia moyoni mwangu mwenyewe. Tuyapime kwa hesabu. Slesi moja ya mkate ina gluteni inayofikia takriban miligramu 2,000 na zaidi. Utafiti wa Italia wa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa wa siliaki miligramu 50 tu kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, na utumbo wao ukaonyesha kuumia. Miligramu 50 ni kama kuigawa ile slesi mafungu arobaini ukachukua fungu moja. Ndugu msomaji, hiyo ni makombo. Ni unga uliobaki kwenye ubao wa kukatia.

Jingine la kujua ni kwamba moto hauiondoi gluteni. Tanuri la piza ni kali, linaua vijidudu, lakini gluteni si kijidudu. Mafuta yanayochemka yaliyokaangiwa sambusa hayawi salama kwa sababu yamechemka. Kinachosaidia ni maji, sabuni na kusugua; na kwa vitu vyenye nyufa kama ubao wa mbao au kijiti cha kusukumia chapati, ni kuwa na chako cha peke yake.

Hapa nitahadharishe, nisije nikaeleweka vibaya. Ngano si najisi wala si haramu, na hakuna mwenye haki ya kuiharamisha. Ni neema ya Allah (SW). Nalinganisha namna ya kuuliza tu, wala silinganishi hukumu.

KWA NINI PIZA HASA?

Katika vyakula vyote vya mgahawani, piza ndiyo ngumu kuliko vyote. Unga mkavu wa ngano hutimuliwa juu ya meza siku nzima, unaruka hewani na kutua kila mahali. Mpishi anashika donge, kisha anachota jibini kwa mkono huohuo. Kijiko cha mchuzi wa nyanya kinagusa donge la ngano na kurudi kwenye bakuli. Koleo linaloingiza piza tanurini ni moja, na gurudumu la kukatia ni moja.

Wenzetu waliotangulia kuiuza wameyaona haya. Mwaka 2012 kampuni kubwa ya piza ya Marekani, Domino’s, ilianza kuuza piza yenye mkate usio na gluteni. Papo hapo ikatangaza kwamba haiwashauri wenye siliaki waile, kwa kuwa inatengenezwa katika jiko lenye unga wa ngano. Watu walibishana sana. Wengine wakasema hiyo ni dhihaka, unauza kitu kwa jina la mgonjwa kisha unamwambia asile. Mimi naona kusema ukweli kulikuwa bora kuliko kunyamaza, lakini jina likiandikwa kwa herufi kubwa na onyo likawekwa pembeni, wengi watasoma jina tu.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vipimo zaidi ya 5,600 ambavyo wateja wenyewe walivifanya mezani kwa kifaa kidogo cha mkononi, wakipima vyakula vya migahawa vilivyodaiwa kuwa havina gluteni. Katika kila vyakula 100, 32 vilionekana kuwa nayo. Kwa upande wa piza, ilikuwa zaidi ya nusu. Ni kweli kwamba mteja huenda alipima zaidi kile alichokitilia shaka, na kifaa kile kilikuwa kikali. Hata hivyo, matokeo hayo yanatosha kutuambia kwamba neno lililoandikwa kwenye orodha ya vyakula halijafika jikoni.

Yawezekana lakini kufanya vizuri. Italia, nyumbani kwa piza, ilitunga sheria mwaka 2005 inayoitambua siliaki na kutaka shule na hospitali za umma zimpatie mgonjwa chakula kisicho na gluteni anapoomba. Chama cha wagonjwa cha nchi hiyo huwafundisha wenye migahawa, na mgonjwa hupata orodha ya mahali anapoweza kula kwa amani. Piza ni ileile, ila aliyeko jikoni amefundishwa.

DAWA YA KUTOJUA NI KUULIZA

Tuliosoma madrasa tunakikumbuka kisa kilichosimuliwa na Jabir (RA) na kupokewa na Abu Daud. Sahaba mmoja alijeruhiwa kichwani kwa jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alipopata habari alikasirika sana, akawalaumu kwa kumsababishia mauti, na akafundisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza.

Tazama jambo hilo kwa makini. Maji ni tohara, ni heri. Lakini kwa yule mwenye jeraha yalikuwa mauti, na waliomshauri walikuwa watu wema. Ndivyo ilivyo ngano kwa mwenye siliaki, na ndivyo tulivyo sisi tunaomwambia ale kidogo asituaibishe. Hatuna ubaya moyoni, ila tumekosa kuuliza.

Basi ukiwa na mgonjwa wa siliaki na mkaingia mahali pa piza, uliza haya matano:

1. Unga wa donge ni wa nafaka gani? Jihadhari: suji ni ngano, na aina za ngano za kale zinazouzwa kwa majina mengine nazo ni ngano.

2. Donge linakandiwa wapi? Kama ni meza ileile yenye unga wa ngano, ishia hapo.

3. Mchuzi wa nyanya na jibini vinachotwa kwenye bakuli lile lile la piza nyingine?

4. Inaokwa juu ya nini? Sinia safi la peke yake, au juu ya sakafu ya tanuri ilipolala piza ya ngano?

5. Inakatwa kwa kisu gani?

Akikujibu kwa uhakika, mshukuru. Akisema “sijui”, mshukuru zaidi, kwani amekuepusha na madhara. Agiza wali mweupe na samaki wa kuchoma kwenye chombo safi, au kunywa maji ukale nyumbani. Akikujibu haraka “usijali”, hapo ndipo pa kujali. Na usiulize wakati mgahawa umefurika watu. Piga simu mapema au nenda saa za utulivu.

KWA WENYE MIGAHAWA

Ndugu yangu mfanyabiashara, hakuna anayekulazimisha ujenge majiko mawili. Unachodaiwa ni ukweli. Sote tunajua jinsi Mtume (SAW) alivyopita sokoni, akaingiza mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya kilichoonekana kikavu juu. Alimwambia muuzaji aweke kilicholowa juu watu wakione, na akakanusha kuwa anayeghushi ni miongoni mwetu. Kama piza yako ni ya unga wa mchele lakini jiko ni la ngano, andika hivyo hivyo, kwa herufi za ukubwa uleule. Utapoteza mteja mmoja usiku mmoja, lakini utalinda amana yako. Na mfundishe mhudumu neno “ngoja nikaulize jikoni”.

NYUMBANI KWETU NAKO

Tusiwalaumu wenye migahawa peke yao. Majumbani mwetu ngano iko kila mahali: chapati, maandazi, sambusa, tambi, boko boko, na ile piza ya Zanzibar inayouzwa Forodhani, ambayo kandika yake ni ya ngano. Urojo nao mara nyingi hukorogwa kwa unga wa ngano. Bajia za dengu ni salama, mradi hazikukaangwa kwenye mafuta ya sambusa. Vitumbua na vibibi vya mchele, mkate wa kumimina, muhogo, ndizi, viazi, wali na ugali, vyote hivyo ni vyake, Alhamdulillah. Mwenye siliaki wa pwani ana meza pana kuliko wa Ulaya, kama hatutaichafua. Angalia tu mashine ya kusagia: kama kabla ya mahindi yako ilisaga ngano, unga wako umechanganyika.

Kuna mawili yanayonitia hofu zaidi. La kwanza ni uji wa lishe. Mtoto anakonda, tunamwongezea uji wa lishe, na aina nyingi za unga huo zina ngano ndani yake. Kama kukonda kwake kunatokana na siliaki, tunazidi kumwumiza kwa kijiko cha huruma. La pili ni talbina. Ni uji wa shayiri, umekuja katika hadithi ya Mama Aisha (RA), na una heri kwa walio wengi. Lakini shayiri ina gluteni. Kumzuia mwenye siliaki asiinywe hakuipingi Sunna, kama ambavyo kumwamuru mwenye jeraha atayamamu hakuyatukani maji. Nawaomba ndugu zangu wauza dawa za Sunna wamuulize mgonjwa kwanza.

Na kwenye walima, mtu akiomba sahani yake ya peke yake badala ya kula na wenziwe kwenye sinia, tusimwite mwenye kibri. Pilau ni salama, lakini mkono uliokata chapati umeingia sinia lilelile. Mtume (SAW) aliandaliwa nyama ya kenge wa jangwani, akaacha kuila bila kuiharamisha, na Khalid bin Walid (RA) akaila mbele yake. Hakuna aliyekasirika. Mgonjwa ana haki ya kusema “Ahsanteni, hiki hakinifai”, na mwenyeji aseme “Bismillah, nikupe nini?”

TAHADHARI YA MWISHO

Usimwachishe mtoto wako ngano kwa sababu umesoma makala hii. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili, na mtu aliyekwisha kuacha ngano anaweza kuonekana hana ugonjwa ilhali anao. Nenda kwanza hospitali kubwa ukiwa unaendelea kula kama kawaida, upimwe damu, na ikibidi daktari achukue kinyama kidogo cha utumbo kwa mpira wenye kamera. Na wewe mzima unayeacha ngano kwa kufuata mitindo, hakuna anayekukataza, lakini usiende mgahawani ukatangaza kuwa ni mgonjwa kisha ukaomba kipande cha keki. Wewe ndiye unayewafanya wahudumu wawadhanie wagonjwa wa kweli kuwa wanadeka.

Siku mbili kabla hawajaondoka, mke wangu alisaga mchele nyumbani, akakanda donge kwenye bakuli jipya, tukaoka piza ya binti yetu kwenye sinia lililosuguliwa. Ilipasukapasuka pembeni, maana mchele hauvutiki. Kabla hajala aliuliza kisu. Safari hii sikumwambia asitusumbue. Nilimwonyesha kisu, akakitazama pande zote mbili, akasema Bismillah, akala.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe waulizaji katika mambo tusiyoyajua. Wabillahi tawfiq.